Kuchemsha hakuondoi chumvi: jibu kwa mama wa Kigamboni

Mama mmoja wa Kigamboni ameniandikia swali. Nimelifupisha, maneno ni yake:

"Mwaka jana tulichimba kisima kwa mashine hapa nyumbani, si mbali sana na bahari. Maji yanatoka meupe kama kioo, hayana harufu. Lakini sabuni ya mche haitoi povu, birika la umeme limeota ukoko mweupe, maharage yanakaa jikoni kutwa nzima hayaivi, na chai ina chumvi kwa mbali, hasa kiangazi. Jirani ameniambia niyachemshe sana, nusu saa nzima, chumvi itaondoka na mvuke. Nimefanya hivyo, mkaa umeisha na chumvi naona inazidi. Mzee wangu ana presha, na nina mjukuu wa miezi 4 anayekunywa maziwa ya kopo. Kuchemsha kunaondoa nini hasa kwenye maji, na kunaacha nini?"

Shikamoo mama. Nakushukuru kwa kuandika kila ulichokiona, maana mambo hayo yote yanatokana na asili moja. Nianze na lililo zito: mjukuu asitengenezewe tena maziwa kwa maji ya kisima hicho, yawe yamechemshwa au hayajachemshwa, mpaka yapimwe maabara. Sababu nitaieleza huko chini, ila hilo lianze leo, kabla hata hujamaliza kusoma.

Sasa jibu la swali lenyewe. Kuchemsha kunaua vilivyo hai ndani ya maji. Vilivyoyeyuka ndani yake, kwa sehemu kubwa, vinabaki. Moto unaondoa maji yenyewe na kuacha chumvi, ndiyo maana ulimi wako umekuambia kweli kuliko jirani. Chukua sufuria ya lita 4. Tuseme, kwa mfano tu, kila lita ina miligramu 600 za chumvi. Sufuria nzima ina miligramu 2,400. Ukiacha maji yachemke mpaka zibaki lita 3, zile 2,400 ziko palepale, na sasa kila lita imebeba 800. Chumvi haijaongezwa na mtu. Maji ndiyo yaliyopungua.

Ukitaka kuiona kwa macho, fanya jaribio hili jioni moja. Chukua vifuniko viwili vya sufuria vilivyo safi na vinavyong'aa. Kwenye kimoja weka vijiko viwili vya maji ya kisima, kwenye kingine vijiko viwili vya maji ya mvua. Viweke juu ya moto mdogo mpaka vikauke, kisha uvipeleke kwenye mwanga. Cha mvua kitakuwa kitupu, labda na vumbi kidogo. Cha kisima kitakuwa na duara jeupe lililoganda, pembeni zito, katikati jepesi, na ukilipitisha kidole utasikia unga. Maabara nasi tunafanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba bakuli letu limepimwa uzito kabla na baada, na maji yanakaushwa kwenye tanuri lenye joto linalodhibitiwa. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi hapa Dar es Salaam, na mpaka leo nikitoa bakuli kwenye tanuri bado natazama duara lile kwa mshangao, kwa sababu dakika chache kabla halikuonekana kabisa.

Kwa nini maji yanaweza kuficha vitu hivyo na bado yakawa meupe kama kioo? Hapa inabidi tuingie ndani ya tone.

Molekuli moja ya maji, yaani chembe yake ndogo kabisa, ina oksijeni moja na haidrojeni mbili. Wanasayansi waligundua kwamba maji ni muungano wa vitu viwili, wala si kitu kimoja, miaka ya 1780, kwa kazi za Cavendish wa Uingereza na Lavoisier wa Ufaransa. Lakini kuvijua vilivyomo hakutoshi, umbo lake ndilo lenye siri. Haidrojeni hizo mbili hazikukaa zikitazamana pande mbili za oksijeni kwa mstari ulionyooka. Zimekaa upande mmoja, kwa pembe ya nyuzi 104.5 hivi. Halafu oksijeni ina nguvu ya kuvuta elektroni, vile vichembe vidogo vya umeme vinavyoziunganisha, kuliko haidrojeni. Fikiria watoto watatu wamelala chini ya shuka moja, mkubwa katikati, na usiku mzima mkubwa anajivutia shuka. Wadogo wanabaki mabega wazi. Elektroni zina chaji hasi, kwa hiyo upande wa oksijeni unakuwa hasi kidogo na upande wa haidrojeni chanya kidogo. Molekuli nzima haina chaji, ila ina upande huu na upande ule.

Kutokana na jambo hilo dogo, molekuli za maji zinashikana: upande chanya wa hii unavuta upande hasi wa ile. Kila mshiko ni dhaifu na unaachia mara moja, lakini ni mingi mno. Bila mishiko hiyo maji yasingekuwa maji kwenye joto la hapa kwetu. Kuna gesi inayotoa harufu ya mayai viza, yenye haidrojeni mbili na salfa moja. Molekuli yake ni nzito karibu mara mbili ya ile ya maji, lakini inachemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri. Maji, mepesi kuliko hiyo, yanasubiri mpaka nyuzi 100. Barafu nayo inaelea kwa sababu hiyohiyo: maji yakiganda, molekuli zinapangwa kwa nafasi, na barafu inachukua nafasi kubwa zaidi kwa asilimia kama 9. Chupa iliyojazwa pomoni na kutiwa kwenye friza unajua mwisho wake.

Sasa tia chumvi ya mezani. Chumvi ni chembe za sodiamu zenye chaji chanya na za kloraidi zenye chaji hasi. Molekuli za maji zinaizunguka sodiamu kwa upande wao wa oksijeni, zinaizunguka kloraidi kwa upande wa haidrojeni, zinazing'oa mojamoja na kuzitawanya. Chembe zilizotawanyika hivyo ni ndogo mno kuzuia mwanga, kwa hiyo maji yanabaki meupe. Lita moja ya maji inaweza kuyeyusha karibu gramu 360 za chumvi. Bahari yetu ina gramu kama 35 tu kwa kila lita, na tayari haimezeki.

Na moto? Molekuli ya maji ikipata joto la kutosha inaachia wenzake na kuruka kuwa mvuke. Chembe za chumvi haziruki; kuzichemsha kunahitaji zaidi ya nyuzi 1,400, na jiko la mkaa halifiki huko hata kidogo. Mvuke unaotoka kwenye sufuria yako ni maji matupu. Ungeukinga kwa kifuniko na kukusanya matone yake ungepata maji matamu, na jua linafanya kazi hiyo kila siku juu ya Bahari ya Hindi: bahari ni chumvi, mvua ya masika ni tamu.

Nimesema "kwa sehemu kubwa" hapo juu, na nina sababu. Kuna kitu kimoja kilichoyeyuka ambacho moto unakitoa kweli. Ndicho kilichoganda kwenye birika lako, na jirani yako amekiona hicho akadhani chumvi yote hutoka hivyo.

Sehemu nyingi za pwani yetu zimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Ni mawe yaleyale waliyojengea wazee kuta za Kilwa na Bagamoyo, wakayachoma kupata chokaa ya kupakia, na ni ya jamii ileile ya mawe yanayochimbwa Wazo kutengenezea saruji. Jina lake la kikemia ni kalsiamu kaboneti. Kwa maji matupu jiwe hilo haliyeyuki kirahisi. Lakini mvua ikishuka inachukua kaboni dioksaidi ya hewani, na ikipenya kwenye udongo wenye mizizi na majani yaliyooza inachukua nyingi zaidi. Inakuwa asidi hafifu, hafifu kuliko hata ya soda. Asidi hiyo ikikutana na matumbawe inalila jiwe polepole na kuligeuza kalsiamu haidrojenikaboneti, ambayo inayeyuka. Hivyo maji yanaondoka na jiwe ndani yake, nawe unalivuta kwa pampu mpaka kwenye simtanki.

Ukilichemsha, safari inarudi nyuma. Kaboni dioksaidi inatoka na mapovu, na kalsiamu kaboneti haina tena cha kuishikilia ndani ya maji. Inaganda mahali penye joto kali zaidi, yaani kwenye chuma cha kuchemshia na chini ya birika. Kwa hiyo mama, ukoko ule si chumvi. Ni tumbawe limekuwa jiwe tena jikoni kwako. Ukifika kwenye mapango ya Amboni, Tanga, utaona mawe yananing'inia darini na mengine yameota kutoka chini. Yametengenezwa kwa njia hiyohiyo, bila moto, tone kwa tone, gesi ikitoka yenyewe, kwa maelfu ya miaka. Birika lako linafanya haraka tu.

Kuuondoa ukoko huo, tia siki au maji ya ndimu yaliyochanganywa na maji kiasi, acha saa moja au mbili, utasikia unachemka kwa sauti ndogo ingawa hakuna moto. Ile ni kaboni dioksaidi inatoka. Suuza vizuri. Kuna watu hutumia maji ya betri kwa kazi hiyo. Nakuomba usithubutu, yale ni asidi kali, yanaunguza ngozi na macho, na yanatoboa chuma.

Maji yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi tunayaita maji magumu. Ule ugumu unaoondoka kwa moto ni ugumu wa muda. Upo mwingine wa kudumu, ambamo kalsiamu na magnesiamu zimeandamana na kloraidi au salfeti, na huo hata uchemshe mpaka kesho hautoki. Kujua una upi, tafuta chupa tatu za nusu lita zinazolingana. Ya kwanza maji ya mvua, ya pili ya kisima kama yalivyo, ya tatu ya kisima yaliyochemshwa, yakapoa, yakatuama, ukamimina ya juu polepole na kuacha unga mweupe chini. Kwangua sabuni ya mche kwa kisu, weka kiasi kilekile kila chupa, funga, tikisa kwa hesabu moja. Ya mvua itajaa povu mpaka shingoni. Ya pili itakuwa na maji kama ya mchele na utando juu. Itazame sana ya tatu: povu likirudi, una ugumu wa muda kwa wingi, likikataa, ugumu wako ni wa kudumu, na kwa mahali ulipo ningeshuku bahari.

Mbona sabuni inakataa? Kila molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu wa mafuta unaoyakimbia. Mkia unashika uchafu wa mafuta, kichwa kinauvuta kwenye maji, na nguo inatakata. Kalsiamu ina chaji mbili chanya, kwa hiyo inanasa vichwa viwili kwa mpigo na kuviondoa kwenye maji. Matokeo yake ni ule utelezi mweupe unaobaki kwenye ukingo wa ndoo na kuzifanya nguo nyeupe zififie. Unatumia sabuni nyingi kwanza kuilisha kalsiamu, ndipo inayobaki ifue. Sabuni za unga zimetengenezwa kustahimili jambo hilo, na sabuni ya mafuta ya nazi nayo inatoa povu vizuri zaidi kwenye maji magumu, hata ya bahari, kwa kuwa mikia yake ni mifupi. Kwa kufulia ningekushauri hiyo, au maji ya mvua.

Maharage ni habari ileile kwa sura nyingine. Kuna watu watakuambia maharage hayaivi kwa sababu ya mahali. Hilo ni kweli kwa Mbeya, ambako mji uko juu kama mita 1,700, hewa ni nyepesi, na maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100, hivyo moto unaongezwa bila joto kupanda. Kigamboni iko usawa wa bahari, maji yako yanachemka kwenye 100 kamili. Kinachokukwamisha ni kalsiamu. Ngozi na nyama ya haragwe zimeshikwa na kitu kiitwacho pektini, na kalsiamu inaikaza pektini hiyo badala ya kuiacha ilegee. Mama zetu walilijua hili kabla ya maabara, ndipo wakatia magadi. Magadi yanaikamata kalsiamu, yanaigandisha, na kuilegeza pektini. Yanafanya kazi kweli. Lakini magadi ni sodiamu tupu kwa mwenye presha, yanapunguza vitamini B1 kwenye chakula, na mengine ya kuchimbwa yana floridi nyingi inayoharibu meno ya watoto. Kwa nyumba yako ningesema loweka usiku kucha kwa maji ya bomba au ya mvua, mwaga, pika kwa maji hayohayo laini. Utaokoa na mkaa.

Tukiwa kwenye mkaa: nusu saa ni hasara. Kupandisha lita 1 ya maji kutoka joto la kawaida la nyuzi 27 mpaka 100 kunahitaji kilojuli (kipimo cha nishati) kama 305. Kuigeuza lita hiyohiyo yote kuwa mvuke, bila joto kupanda hata nyuzi moja, kunahitaji kilojuli kama 2,260, zaidi ya mara 7. Ile mishiko niliyoitaja inadai gharama yake kabla ya kuachia. Kwa hiyo kila dakika unayoongeza baada ya maji kuanza kuchemka unachoma mkaa ili kufukuza maji na kubakiza chumvi. Vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara havisubiri nusu saa. Yakichemka kwa nguvu, mapovu makubwa yakipasuka juu kote, dakika 1 inatosha. Ukiacha ziwe 3 kwa utulivu wa moyo si vibaya. Usidanganyike na vile vipovu vidogo vya mwanzo vinavyoshika kuta za sufuria. Hiyo ni hewa iliyoyeyuka inatoka, maji bado hayajachemka.

Gharama hiyo ya mvuke ina upande wake mzuri. Maji ya kunywa yaliyochemshwa yaweke kwenye mtungi wa udongo wenye kifuniko. Maji kidogo yanapenya kwenye vitundu vya udongo, yanakauka nje, na yakikauka yanachukua joto kutoka kwa wenzao waliobaki. Gramu 10 tu zikikauka kutoka kwenye lita moja, zinaweza kuipoza iliyobaki kwa karibu nyuzi 6. Hapa Dar hewa imejaa unyevu, maji hayakauki haraka, hivyo mtungi wa Dodoma unapoza kuliko wa kwetu. Hata hivyo unapoza.

Nije kwenye ile chumvi ya kiangazi, maana hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi juu ya kisima chenyewe. Lita ya maji ya bahari ina uzito wa gramu kama 1,025, lita ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, gramu 1,000. Tofauti ni ndogo, lakini chini ya ardhi ya pwani inatosha kufanya maji baridi yaelee juu ya maji ya bahari yaliyopenya kwenye mchanga na matumbawe. Mholanzi Badon Ghyben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kwa wakati wake kufikia mwaka 1901, waliifanyia hesabu: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna mita kama 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Hesabu hiyo ukiigeuza inatisha. Mkivuta maji mpaka kimo chake kishuke nusu mita, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 20 kadiri muda unavyokwenda. Kiangazi mvua haijazi, simtanki za mtaa mzima zinajazwa kila siku, na bahari inasogea ndani kimyakimya. Masika ikinyesha sana inarudishwa nyuma kidogo.

Fundi akikuambia "tuongeze kina tutapita chumvi", usikubali kabla ya kupata mtu wa kupima tabaka za ardhi. Karibu na ufuo, kwenda chini mara nyingi ni kuifuata bahari. Upande wa Kimbiji yapo maji baridi kwenye matabaka ya kina kirefu sana, mamia ya mita, lakini hiyo ni kazi ya uchunguzi mkubwa, si ya kukisia kwenye kiwanja. Kinachowezekana kwako ni kuvuta taratibu: pampu ndogo kwa muda mrefu badala ya pampu kubwa kwa dakika chache, na kuipumzisha kati. Pampu kali inaivuta chumvi ipande kama kichuguu chini ya kisima.

Kuhusu mzee. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, vyakula na vinywaji vyote pamoja. Ulimi wa wengi unaanza kuihisi sodiamu kwenye maji ikifika miligramu 200 hivi kwa lita. Akinywa lita 2 za maji ya kiwango hicho amekwisha kutumia 400, sehemu ya tano ya siku nzima, kabla hajagusa mchuzi. Chai yenu ina ladha, kwa hiyo mzee anywe maji ya bomba, na umweleze daktari wake kwamba mlikuwa mnatumia kisima. Ugumu wenyewe, ile kalsiamu, haumdhuru. Shirika hilohilo halijaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji.

Na sasa mjukuu. Kitu ninachokiogopa kwenye visima vya mijini si chokaa wala chumvi, ni naitreti. Inatoka kwenye vyoo vya shimo na makaro, inapita kwenye mchanga pamoja na maji, haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Tumboni mwa mtoto mchanga, hasa chini ya miezi 6, inageuka kuwa kitu kinachoifunga damu isibebe oksijeni. Midomo na kucha zinakuwa za rangi ya bluu au kijivu, mtoto anahema kwa shida. Ukiona hivyo ni hospitali saa hiyohiyo. Na kwa kuwa naitreti imeyeyuka kama chumvi ilivyoyeyuka, kuchemsha hakuiondoi, kunaikoleza. Bibi anayechemsha nusu saa kwa upendo anaweza kuwa anamwongezea mtoto. Sisemi kisima chako kinayo, sijakipima. Nasema maji ya mtoto yatoke kwenye bomba lililopimwa au chupa yenye alama ya ubora, yachemshwe kidogo kuua vijidudu, yapoe kidogo bila kushuka chini ya nyuzi 70, ndipo yachanganywe, na maziwa yapoe kabla ya kumpa.

Mafundi wengine wanakuja na kikalamu cha kutumbukiza kwenye glasi kinachotoa namba. Kinapima namna umeme unavyopita kwenye maji. Maji matupu karibu hayapitishi umeme, chumvi ndizo zinazoupitisha. Kitakuonyesha chumvi jumla na ni kizuri kwa kufuatilia mwezi hadi mwezi. Hakijui ni chumvi gani, na vijidudu hakivioni. Chujio za mchanga na mkaa nazo haziondoi chumvi. Mashine inayosukuma maji kwa presha kupitia utando wenye vitundu vidogo mno inaiondoa, lakini inamwaga maji mengi na inataka utando kubadilishwa. Kwa nyumba moja fikiria baada ya vipimo, si kabla.

Nenda maabara ya ubora wa maji, omba wapime naitreti, kloraidi, sodiamu, ugumu, floridi na vijidudu vya kinyesi. Kwa vijidudu wakupe chupa yao iliyotakaswa, usiisuuze wala usiguse mdomo wake kwa kidole. Kwa vingine, washa pampu na uache maji yamwagike dakika 10 ili yatoke ya ardhini, si yaliyolala kwenye bomba. Chukua kabla hayajaingia simtanki. Suuza chupa mara 3 kwa maji hayohayo, jaza mpaka juu, funga, weka kwenye boksi lenye barafu na uifikishe siku hiyohiyo. Andika tarehe kwenye chupa. Kisha uchukue nyingine baada ya masika na uniandikie namba zote mbili, tuone bahari imesogea kiasi gani.